Diski zinapokufa: Jinsi ya kupanga hifadhi ya seva zisizotakiwa kuzimika

Na MWANDISHI WETU

MTEJA anayesimama mbele ya karani wa chama cha akiba na mikopo mwishoni mwa mwezi hajui, wala hana haja ya kujua, kwamba fedha zake ni alama tu zilizoandikwa juu ya diski katika chumba chenye baridi, pengine umbali wa kilomita nyingi kutoka pale alipo. Anachokijua ni kwamba akiambiwa mtambo umekwama, hatapata karo ya mtoto wake siku hiyo. Na akirudi kesho yake, akute salio lake limepungua bila maelezo, hatakiamini tena chama hicho.

Hofu hizo mbili, ya huduma kukatika na ya kumbukumbu kupotea au kuvurugika, ndizo zilizowafanya wataalamu wa tarakilishi kubuni klasta za hifadhidata: seva mbili au zaidi zinazofanya kazi kama moja, ili moja ikianguka nyingine ipokee kijiti. Hata hivyo, mara nyingi fedha nyingi hutumika kununua seva, nazo diski ambazo ndizo zinazobeba data zenyewe hupangwa kwa haraka mwishoni. Katika makala haya tunaeleza namna hifadhi hiyo inavyopaswa kupangwa, sababu za kila hatua, na hasara iliyowapata waliopuuza au waliopambana na hali ambayo hawakuitarajia.

Hesabu ya dakika

Wauzaji wa mitambo hupenda kutaja asilimia. Huduma inayopatikana kwa asilimia 99 ya mwaka inasikika kana kwamba haina dosari, lakini hesabu yake ni siku tatu na zaidi ya saa 15 za kulala katika mwaka mmoja. Asilimia 99.9 ni takriban saa nane na dakika 46. Asilimia 99.99 ni kama dakika 53, nayo asilimia 99.999 ni dakika tano na ushei. Kila tarakimu ya tisa inayoongezwa hupandisha gharama, na hakuna hata moja inayoweza kufikiwa ikiwa diski ni za kubahatisha.

Nchini Kenya suala hili limeacha kuwa la wataalamu peke yao. Tangu huduma ya M-Pesa ilipozinduliwa Machi 2007, mamilioni ya wananchi wamezoea kutuma na kupokea fedha saa yoyote, mchana na usiku. Mnamo 2015 seva za huduma hiyo zilihamishwa kutoka Ujerumani na kuletwa humu nchini. Aidha, Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inawataka wanaohifadhi habari za watu binafsi wawe na uwezo wa kuzirejesha kwa wakati ufaao panapotokea hitilafu. Hospitali, Sacco, shule na serikali za kaunti zote zimo katika wajibu huo.

Seva mbili, hifadhi ngapi?

Zipo njia mbili kuu za kuunda klasta. Katika njia ya kwanza, seva zote huunganishwa na hifadhi moja ya pamoja, yaani kabati la diski linalofikiwa na kila seva kupitia kebo na swichi maalumu. Kampuni ya Digital ya Marekani ilianza kuuza klasta za namna hii, zilizojulikana kama VAXcluster, mapema miaka ya 1980. Microsoft ilileta ya kwake mnamo 1997 ikiwa pamoja na Windows NT 4.0. Katika mpango wa Microsoft, seva moja tu ndiyo huandika katika hifadhidata kwa wakati mmoja huku nyingine ikingoja. Oracle, kwa upande wake, ilitoa mnamo 2001 mfumo uitwao RAC ambapo seva zote huandika kwa pamoja katika diski zile zile.

Katika njia ya pili, kila seva ina diski zake, na data hunakiliwa kutoka seva kuu hadi seva ya akiba kupitia mtandao. Hivi ndivyo watumiaji wengi wa PostgreSQL na MySQL wanavyofanya.

Njia ya kwanza ina faida kwamba nakala ya data ni moja na haiwezi kutofautiana na nyingine. Lakini hapa ndipo wengi hukosea. Wananunua seva mbili za bei ghali, kisha wanaziunganisha na kabati moja la diski lenye kidhibiti kimoja, kebo moja na soketi moja ya umeme. Seva zimekuwa mbili, lakini mahali pa kufa pamebaki pamoja. Kabati likilala, seva zote mbili hubaki zikitazamana.

Kwa hiyo, kanuni ya kwanza ni kufuata njia nzima ya data kutoka seva hadi diski, na katika kila kituo kuuliza: hiki kikifa, kuna kingine? Kila seva iwe na kadi mbili za kuiunganisha na hifadhi. Kadi hizo zipitie swichi mbili tofauti. Kabati liwe na vidhibiti viwili, na vyanzo viwili vya umeme vinavyotoka katika nyaya tofauti. Kisha seva iwekewe programu ya kusimamia njia nyingi, kwa sababu isipokuwepo, mtambo huona diski moja kama diski nne tofauti, na msimamizi asiye mwangalifu anaweza kuiandika mara mbili na kuiharibu.

RAID: hesabu ya usalama na kasi

Diski ni chombo na hapana chombo kisichovunjika. Mnamo 1988 wasomi watatu wa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz, walichapisha andiko lililopendekeza diski nyingi za bei nafuu ziunganishwe ili zifanye kazi kama diski moja kubwa yenye kustahimili kifo cha mojawapo. Mpango huo uliitwa RAID, na ungali msingi wa hifadhi nyingi hadi leo.

Aina zinazohusu hifadhidata ni nne. RAID 1 huandika data ile ile katika diski mbili, kama mtu na kivuli chake. RAID 10 huchukua jozi kadhaa za namna hiyo na kusambaza data juu yake. RAID 5 husambaza data katika diski zote na kuongeza hesabu ya ukaguzi iitwayo pariti, ili diski moja ikifa yaliyokuwamo yaweze kukokotolewa upya. RAID 6 huweka hesabu mbili za namna hiyo, hivyo hustahimili vifo vya diski mbili.

Tuchukulie Sacco yenye diski nane, kila moja ikiwa na terabaiti mbili. Kwa RAID 5 itapata nafasi ya terabaiti 14, kwa RAID 6 itapata 12, na kwa RAID 10 itapata nane tu. Mhasibu akiona hesabu hii atachagua RAID 5 papo hapo. Lakini kuna hesabu ya pili ambayo haiandikwi kwenye bei.

Kila andiko dogo katika RAID 5 hudai kazi nne: kusoma data ya zamani, kusoma pariti ya zamani, kuandika data mpya na kuandika pariti mpya. RAID 6 hudai kazi sita. RAID 10 hudai mbili tu. Iwapo kila diski inaweza kufanya kazi 150 kwa sekunde, diski nane kwa jumla zinaweza kufanya 1,200. Gawanya kwa gharama ya kuandika, nawe utapata maandiko 600 kwa sekunde kwa RAID 10, maandiko 300 kwa RAID 5 na maandiko 200 kwa RAID 6. Hifadhidata ya miamala, ambayo huandika kutwa kucha, huhisi tofauti hiyo mwishoni mwa mwezi mishahara inapoingia.

Fauka ya hayo, kuna hatari wakati wa kujenga upya. Watengenezaji wa diski nyingi za bei nafuu huandika katika maelezo yao kwamba kunaweza kutokea kosa moja la kusoma lisilorekebishika katika kila biti trilioni 100, sawa na terabaiti 12.5. Diski moja ya Sacco yetu ikifa chini ya RAID 5, mtambo hulazimika kusoma diski saba zilizosalia, yaani terabaiti 14, bila kukosea hata mara moja. Kwa mujibu wa maelezo ya mtengenezaji mwenyewe, huko ni kubahatisha. Diski za daraja la juu hutajwa kuwa bora mara kumi au zaidi, na kosa halitokei kwa ratiba. Hata hivyo, wataalamu wengi hawapendekezi tena RAID 5 kwa diski kubwa zinazobeba hifadhidata muhimu. Ushauri wa kawaida ni RAID 10 kwa data inayoandikwa sana, na RAID 6 kwa hifadhi ya nakala na kumbukumbu za zamani.

Watumiaji wa Oracle wana chaguo jingine. Tangu toleo la 10g, mfumo uitwao ASM huisimamia hifadhi moja kwa moja na unaweza kuweka nakala mbili au tatu za kila kipande katika makundi tofauti ya diski. Siri yake ni kwamba kila kundi liwe katika kabati lake. Makundi yote yakiwekwa katika kabati moja, faida kubwa hupotea.

Ndugu waliozaliwa siku moja

Hesabu zote za RAID hukisia kwamba diski hufa moja moja, bila kuhusiana. Mnamo Novemba 2019 kampuni ya Hewlett Packard Enterprise iliwatahadharisha wateja wake kuhusu dosari katika programu ya ndani ya baadhi ya diski zake za SSD. Diski hizo zingekufa zitakapotimiza saa 32,768 za kufanya kazi, yaani miaka mitatu, siku 270 na saa nane, na data zilizomo zisingeweza kurejeshwa.

Msomaji atambue maana yake. Diski zilizonunuliwa pamoja, zikafungwa pamoja na kuwashwa siku moja, zingefika saa hiyo karibu kwa wakati mmoja. Hakuna RAID inayoweza kuokoa kundi ambalo wote hufa pamoja. Funzo ni kwamba diski za jozi moja zisitoke katika katoni moja inapowezekana, programu zake za ndani zisasishwe kila mtengenezaji anapotoa tahadhari, na diski mbili za akiba ziwekwe tayari ndani ya kabati.

Daftari na data zisilale kitanda kimoja

Hifadhidata haiandiki muamala moja kwa moja mahali pake. Kwanza huuandika katika daftari la miamala, mstari baada ya mstari, kisha baadaye hupeleka mabadiliko katika faili za data. Umeme ukikatika katikati ya kazi, hifadhidata ikiamka husoma daftari, hukamilisha miamala iliyothibitishwa na kufuta ile iliyokatika. Daftari ndilo shahidi wa mwisho wa kila shilingi.

Kwa sababu hiyo, daftari na faili za data zinastahili kukaa katika mafungu tofauti ya diski. Tofauti hiyo iwe ya diski zenyewe, si ya majina tu. Kugawanya diski moja katika sehemu mbili na kuziita herufi mbili hakumlindi yeyote.

Sababu ni mbili. Mosi, ni kasi. Daftari huandikwa kwa mfululizo, ilhali data husomwa huku na kule. Katika diski inayozunguka mara 7,200 kwa dakika, kungoja mahali panapotakiwa pafike chini ya kichwa cha kusomea huchukua wastani wa zaidi ya milisekunde nne, yaani sehemu nne kwa elfu za sekunde, kila mara kichwa kinapohama. Ukilichanganya daftari na data, unakilazimisha kichwa kuhamahama. Diski za SSD hazina kichwa, kwa hivyo sababu hii imepungua uzito. Pili, ni usalama, na sababu hii haijapungua hata kidogo. Fungu la data likifa lakini daftari likabaki, nakala rudufu ya jana ikiunganishwa na daftari huirejesha hifadhidata hadi muamala wa mwisho. Vyote vikifa pamoja, kazi ya kutwa nzima imepotea.

Faili za muda, zinazotumika katika kupanga na kukokotoa, ni suala jingine. Hizi hazina thamani mtambo ukizimika. Katika SQL Server, tangu toleo la 2012, zinaruhusiwa kukaa katika diski ya ndani ya kila seva badala ya hifadhi ya pamoja. Hatua hiyo hupunguza msongamano, mradi tu folda yenye jina lile lile iwepo katika kila seva ya klasta. Isipokuwepo, seva ya akiba itakataa kuwasha hifadhidata saa ile ile inapohitajika.

Kuna pia ukubwa wa vipande. SQL Server na PostgreSQL huandika kurasa za kilobaiti nane, ilhali MySQL kwa kawaida huandika za kilobaiti 16. Kwa SQL Server, fungu la data hutayarishwa kwa vipande vya kilobaiti 64, kwa kuwa mfumo huo hugawa nafasi kwa kurasa nane nane. Hali kadhalika, sehemu ya diski ianze mahali panapolingana na vipande vya kabati. Mifumo ya zamani ilianzia sekta ya 63, hali iliyofanya ukurasa mmoja kugusa vipande viwili. Tangu Windows Server 2008, mwanzo wa kawaida ni megabaiti moja. Mtambo uliohamishwa kutoka seva za zamani unafaa kukaguliwa juu ya jambo hili.

Umeme na uongo wa kashe

Ijumaa usiku ya Agosti 25, 2023, umeme ulikatika katika sehemu kubwa ya Kenya. Hata katika uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta baadhi ya majengo yalibaki gizani baada ya jenereta kukataa kuwaka. Yeyote anayesimamia hifadhidata alipaswa kujiuliza usiku ule: maandiko yaliyokuwa njiani yamefika wapi?

Vidhibiti vya diski vina kumbukumbu ya haraka iitwayo kashe. Ili kuharakisha mambo, kidhibiti hupokea andiko, hulitia katika kashe na kuijibu hifadhidata kwamba kazi imekwisha, ilhali diski yenyewe bado haijaguswa. Kama kashe ina betri au hifadhi ya umeme ya kuiwezesha kuokoa yaliyomo, ahadi hiyo ni ya kweli. Kama haina, ahadi hiyo ni uongo, na umeme ukikatika miamala iliyothibitishwa hutoweka.

Kwa hiyo, kashe ya kuandika iwashwe pale tu penye betri nzima, nayo betri ipimwe mara kwa mara kwani huzeeka. Kashe ya ndani ya kila diski izimwe, isipokuwa mtengenezaji awe ameihakikishia kinga dhidi ya kukatika kwa umeme. SSD za bei ya chini ambazo huuzwa kwa tarakilishi za nyumbani mara nyingi hazina kinga hiyo, na hazifai kubeba daftari la miamala hata zikiwa na kasi ya ajabu.

Hata wajuzi wamewahi kuduwaa. Mnamo 2018 watengenezaji wa PostgreSQL waligundua kwamba mfumo wa Linux, baada ya kushindwa kuandika data kwenye diski na kutoa taarifa ya kosa mara moja, ungeweza kujibu ombi la pili kwamba mambo ni sawa, ingawa data ilikuwa imetupwa. Tangu mapema 2019 PostgreSQL hujizima yenyewe inapopata kosa la namna hiyo, kisha hujirejesha kutoka kwa daftari. Ni afadhali kulala kwa dakika chache kuliko kuendelea kwa uongo.

Akidi: nani mwenye haki ya kuandika?

Tumefika katika kiini cha suala hili. Seva za klasta huarifiana kwamba ziko hai kwa kutumiana ishara fupi, mithili ya mapigo ya moyo. Ishara zikikatika, seva ya akiba haiwezi kujua kama mwenzake amekufa au ni kebo tu iliyong'oka. Ikidhani amekufa, ikaanza kuandika, ilhali mwenzake yu hai na bado anaandika, seva mbili zitakuwa zikiandika katika diski zile zile bila kusikilizana. Ni kama makarani wawili wanaojaza ukurasa mmoja wa daftari gizani. Matokeo yake ni uharibifu ambao hata nakala bora haiurekebishi upesi.

Dawa yake tunaijua kutoka bungeni. Kwa mujibu wa Katiba, Bunge la Kitaifa haliwezi kuendesha shughuli bila akidi ya wabunge 50. Klasta pia huhitaji akidi, ambayo ni zaidi ya nusu ya kura. Upande wenye kura nyingi huendelea, nao ulio mchache hunyamaza hata kama u mzima wa afya.

Klasta ya seva mbili ina tatizo la wazi. Mawasiliano yakikatika, kila upande una kura moja. Ndiposa huongezwa kura ya tatu, ambayo huwa diski ndogo ya shahidi. Kwa Windows, diski ya megabaiti 512 yatosha. Oracle hutumia diski za kura, nazo huwekwa kwa idadi isiyogawanyika kwa mbili: moja, tatu au tano. Kwa kawaida, seva ya Oracle isiyosikika kwa sekunde 30 kupitia mtandao, au inayoshindwa kufikia diski nyingi za kura kwa sekunde 200, hufukuzwa katika klasta. Takwimu hizo zinafaa kulinganishwa na muda ambao kabati huchukua kuhamisha kazi kutoka kidhibiti kimoja hadi kingine. Kama kabati huchukua muda mrefu kuliko subira ya klasta, hitilafu ndogo ya kidhibiti itaangusha seva nzima.

Klasta ikienea katika majengo mawili, kura ya tatu isiwekwe katika mojawapo ya majengo hayo. Iwekwe pahali pa tatu, penye umeme na mtandao wake. Shahidi anayelala nyumbani kwa mlalamishi hana faida kubwa siku nyumba hiyo ikiungua.

Kura pekee hazitoshi. Seva iliyoshindwa sharti itengwe kwa nguvu ili isiendelee kuandika. Hili hufanywa kwa kuikatia umeme kutoka mbali, au kwa kuliamuru kabati la diski likatae maandiko yake. Windows tangu toleo la 2008 hudai kabati liwe na uwezo huo wa kuweka haki ya kuandika kwa seva fulani. Kabati lisilo na uwezo huo lisinunuliwe kwa kazi ya klasta.

Sekunde 43 zilizozaa saa 24

Kisa cha GitHub, kampuni ya Marekani inayohifadhi kazi za watunzi wa programu, chafaa kusimuliwa. Mnamo Oktoba 21, 2018, mafundi walipokuwa wakibadilisha kifaa cha mtandao kilichokuwa kikiharibika, mawasiliano baina ya kituo kikuu cha data cha pwani ya mashariki na kitovu cha mtandao yalikatika kwa sekunde 43 pekee. Programu ya kusimamia klasta za MySQL ilihesabu kura, ikaona upande wa mashariki hausikiki, ikahamishia uandishi katika pwani ya magharibi. Kwa maana ya akidi, ilifanya ilivyoagizwa.

Tatizo ni kwamba seva za mashariki zilikuwa zimekwisha kupokea maandiko machache ambayo hayakuwa yamefika magharibi. Katika mojawapo ya klasta zenye shughuli nyingi, maandiko hayo yalikuwa 954. Pande zote mbili sasa zilikuwa na data ambazo upande wa pili haukuwa nazo. Kampuni hiyo iliamua kulinda usahihi wa data kuliko kurejesha huduma upesi, na huduma zake zilizorota kwa saa 24 na dakika 11.

Kisa hiki kinafunua swali ambalo kila shirika linapaswa kulijibu kabla ya kununua diski hata moja: panapokuwa hakuna budi, tuchague kusimama au tuchague kukosea? Kwa mtandao wa kubadilishana picha, jibu laweza kuwa lolote. Kwa leja ya fedha au orodha ya dawa za mgonjwa, kusimama ni bora. Uamuzi huo ni wa wakurugenzi, si wa fundi aliyeamshwa saa nane za usiku.

Nairobi na Mombasa

Mashirika mengi hutaka seva ya pili iwe katika mji mwingine. Nuru katika nyaya za kioo husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Kutoka Nairobi hadi Mombasa, barabara ikiwa ya kilomita zipatazo 480, kwenda na kurudi hakuwezi kupungua sana milisekunde tano, kabla ya kuhesabu vifaa vya njiani.

Ikiwa kila muamala lazima uthibitishwe na Mombasa kabla ya mteja kujibiwa, basi hakuna muamala utakaopotea, lakini kila mmoja utangoja milisekunde hizo tano. Kazi zinazofuatana moja baada ya nyingine, kwa mfano kuingiza riba katika akaunti moja moja, hazitapita 200 kwa sekunde. Ikiwa uthibitisho wa Mombasa hausubiriwi, kasi itarudi, lakini Nairobi ikiteketea miamala ya sekunde za mwisho itapotea. Wengi huchagua mpango wa kati: seva mbili katika mji mmoja zinazosubiriana, na ya tatu mbali ambayo haisubiriwi.

Klasta si nakala rudufu

Kosa la mwisho ndilo kubwa kuliko yote. Klasta hulinda dhidi ya kifo cha mtambo. Hailindi dhidi ya amri mbaya. Ukifuta jedwali katika seva kuu, klasta italifuta kwa uaminifu katika seva zote.

Mnamo Januari 31, 2017, mhandisi wa kampuni ya GitLab aliyekuwa akitatua hitilafu usiku alikusudia kufuta data katika seva ya akiba. Alikuwa katika seva kuu. Alipositisha amri hiyo baada ya sekunde chache, kati ya takriban gigabaiti 300 zilikuwa zimesalia 4.5. Walipogeukia nakala rudufu, hapakuwa na kitu. Programu ya kunakili ilikuwa ya toleo lisilolingana na hifadhidata, hivyo ilikuwa ikifeli kila siku, nazo barua pepe za kutoa tahadhari zilikuwa zikikataliwa njiani. Kilichowaokoa ni picha ya diski ambayo fundi mmoja aliichukua saa sita kabla kwa ajili ya majaribio. Data ya saa hizo sita ilipotea.

Nakala rudufu basi ikae katika diski nyingine kabisa, nje ya kabati la klasta, na moja iwe nje ya jengo. La muhimu zaidi, irejeshwe kwa majaribio angalau mara moja kwa mwezi, katika seva ya kando, na salio za akaunti chache zilinganishwe. Nakala isiyowahi kurejeshwa ni matumaini tu.

Kabla ya kukata utepe

Mpango wote ukikamilika, pasiwe na hotuba kabla ya majaribio. Mzigo wa kawaida uwashwe, kisha vitu viharibiwe kwa makusudi kimoja kimoja: diski moja ichomolewe, kebo moja ing'olewe, swichi izimwe, kidhibiti kitolewe, seva kuu ikatiwe umeme bila kuagwa, na hatimaye kebo ya mapigo ya moyo ikatwe ilhali seva zote mbili zi hai. Kila mara pimwe dakika zilizopotea na uhakikishwe kwamba hakuna muamala uliothibitishwa uliotoweka. Matokeo yaandikwe, na majaribio yarudiwe kila mwaka na kila baada ya mabadiliko makubwa.

Shughuli hiyo huwatisha wakubwa, maana hakuna apendaye kuona mtambo mpya ukichomolewa nyaya. Lakini nyaya hizo zitachomoka siku moja, na ni heri zichomoke mchana, mafundi wakiwa wamesimama kando, kuliko tarehe 30 ya mwezi foleni ikiwa imefika langoni. Wahenga walituonya kwamba asiyeziba ufa hujenga ukuta. Katika hifadhidata, ukuta huo hujengwa usiku, kwa pupa, huku mwenye fedha zake akingoja nje.